Siku Mtani Alipokosa Jibu

Vijana wawili waliolichukua gari langu la wagonjwa, na wauguzi wanaopanda nyuma yake, wameniomba niandike ninayoyakumbuka kabla sijasahau au kabla sijaondoka Kilwa tena. Wananijua. Tangu nikabidhi funguo sijakaa nyumba moja mwezi mzima. Leo niko Kivinje, wiki ijayo nitakuwa Sudi kwa shemeji yangu, baada ya hapo sijui. Umri wangu bado ni wa arobaini na kitu, lakini mgongo ni wa mtu mwingine, mzee zaidi, na daktari wa mifupa amesema nisikae tena kwenye kiti cha dereva. Kwa hiyo naandika nimesimama, karatasi juu ya dirisha.

Habari za vyeo hazimo humu. Niliingia dereva nikatoka dereva.

Nilimaliza kidato cha nne na cheti ambacho hakikumvutia mtu yeyote, nikapanda malori ya ufuta na korosho kama utingo. Hapo ndipo nilipoipenda barabara. Kuna watu wanaopenda kufika. Mimi nilipenda kwenda. Nilijifunza usukani kwa dereva mmoja aliyekuwa analala akiendesha, kwa hiyo nilijifunza haraka. Gari la wagonjwa la Kivinje lilipokosa dereva, nikaomba kazi hiyo kwa sababu nilidhani nitazunguka zaidi. Sikujua kwamba nitazunguka barabara zilezile, na kwamba kila safari itakuwa nchi mpya.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Sista Paskalia. Alikuwa muuguzi mfupi, mzito wa hatua, mtu wa Njinjo kule bara, Mkatoliki mwenye rozari mfuko mmoja wa gauni na karanga za kukaanga mfuko wa pili. Hakuniuliza leseni.

"Unajua kuendesha?"

"Najua, Sista."

"Unajua kuendesha polepole?"

Nikasema najua hilo pia. Akafungua mlango wa nyuma, akapanda, akajilaza kwenye machela, akajifunga mikanda mwenyewe. "Mimi leo ndiye mgonjwa," akasema. "Nipeleke Nangurukuru unirudishe."

Kila nilipopita shimo, alipiga kelele kutoka nyuma kutaja kiungo kilichoumia. "Shingo! ... Figo! ... Hilo lilikuwa nyonga, na nyonga hiyo ni ya bibi yako!" Watu wa njiani walidhani nimembeba kichaa. Tuliporudi nilikuwa nimelowa jasho, na nilikuwa nimejua kila shimo la barabara ile kwa jina la kiungo. Mpaka leo nikipita pale karibu na njia panda nasema moyoni: figo.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na tabia zake. Kipimo cha presha kilikuwa na kitambaa kilichoshonwa na fundi cherehani wa sokoni kwa uzi wa bluu. Kipimo cha sukari kilikaa ndani ya soksi ya mtoto kisipigwe na vumbi. Mtungi wa oksijeni ulifungwa kwa mpira wa baiskeli, kwa sababu kamba ya kiwandani ilikatika na mpira haukukatika kamwe. Mlango wa nyuma ulitaka kuinuliwa kidogo kabla ya kuvutwa. Vijana, bado unataka. Msiupige mateke.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa kiharusi alikuwa mkulima wa hukohuko Njinjo, kwa kina Sista. Alikutwa amekaa chini katikati ya shamba la ufuta, jembe mapajani, haongei, mkono wa kulia umelala kama si wake. Tulipofika, ndugu zake walikuwa wamemzunguka kwa huruma na kikombe cha uji, wanamnywesha ili apate nguvu. Kila funda lilimpalia. Sista aliingia, akasalimia wakubwa, kisha akachukua kile kikombe kwa mikono miwili kwa heshima, kama mtu anayepokea zawadi, akakiweka mbali.

"Koo lake limelala," akasema. "Uji huu hauendi tumboni. Unaenda kwenye mapafu."

Akamlaza kwa ubavu, akafuta mdomo, akapima sukari, kwa maana sukari ikishuka sana mtu anaweza kuonekana hivyohivyo na kumbe dawa yake ni kitu kitamu tu. Haikuwa imeshuka. Njiani nilimuuliza kwa nini mkono wa kulia na maneno vimeondoka pamoja. Akanijibu kutoka nyuma, sauti ikipita kile kidirisha kidogo: upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoshika mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaoshika maneno pia. Mshipa mmoja ukiziba huko, vyote viwili vinakwenda. "Aliyepanga hivyo hakuniuliza," akasema, "lakini hakukosea vingine."

Nilikuwa nimeshika usukani. Nikaitazama mikono yangu, wa kulia na wa kushoto, nikafikiri kwamba kila mmoja unaamriwa kutoka upande wa pili wa kichwa, na kwamba tangu nizaliwe sijawahi kuona amri hiyo ikipotea njia. Mtu anaweza kuzunguka nchi nzima asikutane na ajabu kama ile anayotembea nayo mwenyewe.

Sista alikuwa na njia yake ya kupima. Vitabu vinasema mwambie mgonjwa atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi. Yeye alisema mtu wa pwani ukimwambia atabasamu bila sababu atakuona huna adabu. Kwa hiyo alisalimia. "Shikamoo, babu." Halafu ananyamaza, anasubiri. Mzee mwenye akili zake na ulimi wake hawezi kuiacha shikamoo ianguke chini. Marahaba ikija imekwaruzwa, au ikichelewa, au isipokuja, Sista alikuwa tayari anafungua mkoba. Na wakati anasubiri, macho yake yalikuwa usoni, kwenye pembe ya mdomo. Alisema uso wa mtu unazungumza naye tangu mlangoni.

Na kwa watani wake hakutumia hata shikamoo.

Watu wa kwao Njinjo na watu wa Kivinje ni watani. Utani huo ulianza lini sijui. Wazee wana maelezo matatu na yote yanapingana. Mtani wako anaruhusiwa kukutukana mbele ya watu, sokoni, arusini, hata msibani, na wewe unaruhusiwa kumrudishia. Usichoruhusiwa ni kukasirika. Wala kunyamaza. Ukinyamaza umeshindwa, na mtaa mzima utalizungumza jambo hilo mpaka mtani mwingine anyamaze.

Mtani mkubwa wa Sista alikuwa Bi. Zuhura, muuza pweza wa kukausha, mama wa binti mmoja tu aliyeitwa Mwajuma. Nyumba yao iko njiani tunapotoka hospitali, na pweza walianikwa kwenye kamba uani kama nguo. Hatukuweza kupita pale bila vita.

"Fungieni panya wenu!" Bi. Zuhura alipiga kelele akituona. "Mnjinjo kaingia mjini, hajapata kitoweo!"

"Na nyie wavivu," Sista alijibu kupitia dirishani, "mnaomsubiri pweza ajiue mwenyewe, ajikaushe, apande jikoni, leo mmeamka?"

"Bwana King'ora!" Hilo lilikuwa jina langu. "Huyo mtupe Mto Matandu, mamba wapate riziki."

"Mamba wa Matandu ni ndugu zangu," Sista alisema, huku akimpa konzi ya karanga. "Wanakula watu wa pwani tu."

Mwajuma alikuwa akicheka nyuma ya mlango, kisha anatoka kutupa shikamoo, na mama yake anamwambia usimwamkie huyo, atakuambukiza kulima. Ulimi wa Bi. Zuhura ulikuwa mali ya mtaa. Watu waliomkosa sokoni walirudi nyumbani wakisema leo soko halikunoga.

Kisha ikaja korona.

Ninyi mlioanza kazi baadaye hamjui ilivyokuwa, na mimi niliyekuwepo wakati mwingine nadhani nimeota. Kila mlango uliota ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni. Watu waliacha kupeana mikono, wakawa wanagusana viwiko au miguu kama kuku wanaochokozana. Mafundi cherehani walishona barakoa za kanga, na ukiangalia vizuri ungeweza kusoma nusu ya maneno ya kanga kwenye pua ya mtu. Majumbani watu walijifukiza: sufuria ya majani ya mwarobaini, mchaichai na maganda ya malimao inachemshwa, unainama juu yake, unafunikwa blanketi, unavuta mvuke mpaka machozi.

Gari letu likawa kitu cha kutisha. Nikisimama mtaani, madirisha yanafungwa. Nilijifunza kutopiga king'ora ndani ya mji, kwa sababu kiliwafanya wagonjwa wengine wajifiche chini ya vitanda. Baada ya kila safari tuliliosha gari kwa klorini mpaka mikono ikabanduka ngozi. Na wagonjwa wa magonjwa mengine, wa presha, wa sukari, wa kiharusi, walichelewa kuja kwa kuogopa kukutana na korona hospitali. Wengine hawakuja kabisa.

Sista alilalamikia kitu kimoja tu. Hakulalamikia joto la gauni la plastiki la kujikinga wala miwani iliyojaa ukungu. "Wamezificha nyuso," alisema. Alikuwa amezoea kuusoma mdomo wa mgonjwa tangu mlangoni, na sasa kila mdomo ulikuwa nyuma ya kitambaa. "Nimebaki na macho yao na masikio yangu."

Asubuhi moja, jua limeshapanda, Mwajuma alipiga simu. "Mama kazidiwa na mvuke," alisema. "Alikuwa anajifukiza, kaanguka."

Ni karibu sana; tungeweza kwenda kwa miguu. Tulipofika, majirani walikuwa wamesimama upande wa pili wa njia, kanga puani, wamejipanga kama wanaangalia mechi. "Ni hiyohiyo," jirani mmoja alituambia kwa mbali. "Kifua hicho. Sisi tumemwambia binti asimguse, hasikii." Mtu alikuwa amewarushia barakoa kupitia dirishani, na Mwajuma alikuwa amemvalisha mama yake ili wale watu watulie.

Bi. Zuhura alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, mgongo ukutani, blanketi limemwangukia kiunoni, sufuria pembeni bado inatoa mvuke. Juu yake pweza walikuwa kwenye kamba, wengi kuliko kawaida. Mwajuma alikuwa amempigia magoti.

"Anasikia," alisema. "Ananiangalia. Ila hajibu kwa sababu ameninunia."

"Amenuna?" Sista aliuliza.

"Tangu jana jioni. Nilimkataza kwenda kuuza kule Kilwa Masoko, watu wengi, na hii korona. Tukagombana. Nikamwambia bora pweza waoze kuliko yeye afe. Akasema basi, kuanzia leo usinisemeshe." Alikuwa anasema haraka, kama mtu anayetaka kumaliza. "Asubuhi nimempa shikamoo, kanyamaza. Nikamchemshia majani ili tupatane. Akakubali nimfunike. Nikajua amenisamehe."

Sista alisimama mlangoni pa ua, na gauni lake na miwani yake, huwezi kumtambua kama hukumjua. Akaweka mikono kiunoni.

"Nyie wavivu!" akapaza sauti. "Ndiyo mmekaa kusubiri pweza ashuke mwenyewe kwenye kamba?"

Macho ya Bi. Zuhura yakainuka. Yalimtambua, hata mimi niliona. Mkono wa kushoto ukasogea kidogo juu ya mkeka. Tukasubiri.

"Nimesema wavivu," Sista akarudia, sauti imeshuka. "Watu wa Kivinje ni wavivu, na babu zao walikuwa wavivu."

Hakuna. Macho tu, na ndani ya macho yale niliona kitu ambacho sijakisahau: jibu lilikuwepo. Lilikuwa limekaa humo ndani, tayari, linagonga, na hapakuwa na wa kulifungulia.

Sista alipiga goti, akafungua ile barakoa ya Bi. Zuhura. Upande wa pili wa njia watu walipiga ukelele na kurudi nyuma. Pembe ya kulia ya mdomo ilikuwa imeshuka, mate yanachuruzika. Akaiinua mikono yote miwili, akaiachia. Wa kushoto ukabaki hewani. Wa kulia ukaanguka. Joto hakuwa nalo, pumzi ilikuwa nzuri, sukari ilikuwa sawa. Presha ilikuwa juu sana.

"Bwana King'ora, machela," alisema. "Hiki si kifua. Ni kiharusi."

"Una uhakika gani, Sista?" yule jirani aliuliza kutoka kule.

Sista aligeuka na kuwatazama wote. "Huyu? Nimemtukana mara mbili hajajibu. Mnataka kipimo gani kingine?"

Kisha nikaona jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote niliyoyaona barabarani. Yule jirani alivuka njia. Akaja mwingine, akaja na wa tatu, wakashika machela kila mmoja pembe yake. Walikuwa bado wanaogopa, kanga zilikuwa bado puani. Lakini kila mmoja wao alikuwa amewahi kutukanwa na Bi. Zuhura, na walijua kuliko daktari yeyote kwamba mwanamke yule asingenyamaza kwa hiari yake.

Daktari wetu wa Kivinje alimwona, akathibitisha, akasema apelekwe kusini, kwenye hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo. Ni mbali, mbele ya Lindi. Alitueleza sababu kwa maneno machache: kiharusi kipo cha mshipa kuziba na kipo cha mshipa kupasuka; kwa nje vinafanana, na dawa ya kimoja ni sumu kwa kingine. Bila picha ni kubahatisha.

Nimeendesha njia ile mara nyingi nisizojua idadi yake, lakini safari ile naikumbuka kwa masikio. Sista nyuma na mgonjwa, Mwajuma pembeni yake kwa ruhusa maalumu. Mwajuma aliomba ampe mama yake maji ya Zamzam kidogo, aliyokuwa nayo ndani ya chupa ya dawa. Sista akamwambia koo bado limelala. Akachovya pamba, akaikamua, akalowanisha midomo tu. Kisha akauliza swali ambalo madaktari wa kule lazima wangeuliza.

"Mara ya mwisho kusema vizuri ilikuwa lini?"

"Nimekuambia. Jana jioni."

"Na asubuhi ulimpa shikamoo, hakujibu. Kabla ya mvuke."

"Hakujibu, alikuwa..."

Kwenye kioo nilimwona Mwajuma ameshika mdomo.

"Kumbe hakununa," alisema mwishowe. "Nimempa shikamoo mama yangu naye hawezi kuitika, mimi nimekasirika nikaenda zangu kuchemsha majani." Akainama kwenye sikio la mama yake. "Mama. Nisemeshe. Maneno ya mwisho uliyoniambia ni kwamba nisikusemeshe. Usiniachie hayo, mama."

Sista hakumwambia usilie. Alimpa kazi: ashike mkono ule wa kulia, auweke juu ya mto, auzuie usining'inie. Mwajuma aliushika mpaka mwisho wa safari.

Tulipofika Kiranjeranje mtandao ulikuwa mzuri. Nikapunguza mwendo, Sista akapiga simu kule tuendako. Aliwaambia joto hana, pumzi nzuri, ni kiharusi, mara ya mwisho mzima ilikuwa jana jioni. Nilijua anachoogopa. Siku zile kila gari la wagonjwa liliishia kwanza kwenye hema la kutenga la getini, na mtu angeweza kukaa humo akisubiri kipimo cha korona huku ubongo unaendelea kufa njaa.

Tulipofika, hema lilikuwepo. Lakini pembeni yake mtu aliyefunikwa kuanzia kichwani mpaka vidoleni alikuwa amesimama katikati ya njia akitupungia mikono twende mlango mwingine. Walikuwa wametusubiri. Kila mmoja wao alikuwa amefungwa mwili mzima, na kwa kuwa hawakuweza kuonana nyuso, walikuwa wameandikana majina kifuani na mgongoni kwa kalamu nene: Dkt. huyu, muuguzi yule. Walipokea machela bila kukimbia na bila kusimama. Mashine ilikuwa imeshafutwa kwa dawa. Mimi nilibaki nyuma ya kioo kwa sababu nilikuwa nimeingia na chupa ya dripu mkononi na hakuna aliyekumbuka kunifukuza.

Nikaiona ile picha ya ubongo. Nimeona ramani nyingi maishani, hiyo ilikuwa ramani ya mtu. Kingo zinazopinda kama ghuba, mabonde, kisiwa na kisiwa. Matusi yote ya Bi. Zuhura, bei za pweza, jina la binti yake, vyote vilikuwa mahali fulani pale, rangi ya kijivu, mahali padogo pa kufunikwa na kiganja. Daktari kijana alionyesha kwa kidole. "Damu haijamwagika," alisema. "Kwa hiyo mshipa umeziba." Dawa ya kuyeyusha kile kilichoziba ina muda wake mfupi, akaeleza, na muda ule ulikuwa umepita usingizini. Zilibaki dawa za kuzuia pasizibe tena, presha kushushwa taratibu, kugeuzwa, kulishwa kwa uangalifu, mazoezi, na kungoja. Alisema kungoja kwa namna ambayo niliielewa kuwa ni kazi kama zile nyingine.

Ndugu hawakuruhusiwa wodini. Mwajuma alibaki kwa shangazi yake karibu na hospitali, na kila siku alisimama nje ya uzio na simu. Muuguzi mmoja mwenye moyo aliweka simu kwenye sikio la Bi. Zuhura. "Shikamoo, mama," Mwajuma alisema. Anasubiri. Halafu anasema kesho tena, mama, anarudi kwa shangazi.

Wiki kadhaa baadaye tulipeleka mgonjwa mwingine kule. Tulipomkabidhi, Sista akaomba aingie wodini. Wakamvalisha, wakamwandika kifuani kwa herufi kubwa: PASKALIA. Mimi nilifika mpaka mlangoni. Bi. Zuhura alikuwa ameinuliwa kwa mito, uso ameuelekeza ukutani. Kila aliyekuja mbele yake alikuwa mtu wa nguo nyeupe asiye na uso.

"Anaelewa kila kitu," muuguzi alitunong'oneza. "Ila amekata tamaa. Neno hajatoa. Mazoezi anakataa."

Sista alisimama miguuni pa kitanda.

"Nasikia umelala wiki zote hizi," alipaza sauti, "unalishwa, unaogeshwa, unageuzwa! Mtu wa Kivinje, mwisho umeupata uvivu uliokuwa unautafuta!"

"Sista!" yule muuguzi alishtuka. Wagonjwa wengine waligeuza vichwa.

"Nyamaza, mwanangu. Hii ni dawa."

Uso wa Bi. Zuhura uliondoka ukutani. Ukaja taratibu, ukapanda kwenye lile gauni, ukafika kwenye herufi za kifuani, ukazisoma. Mdomo ukaanza kufanya kazi. Nilishika fremu ya mlango. Mdomo ulifunguka, ukafungwa, ukavutwa upande mmoja, mshipa wa shingo ukasimama.

"Mla," akasema. Akapumua. "Mla... panya."

Wodi nzima ilicheka, hata waliokuwa na oksijeni puani. Sista aligeuka haraka akatazama dirishani, na nikaona barakoa yake inaloa kutoka juu. Baadaye alinieleza kwamba yako maneno tunayoyatunga na yako maneno yanayotoka yenyewe, salamu, dua, nyimbo, matusi ya mazoea, na haya ya pili mara nyingine kiharusi huyakosa. Alijua hayo kitabuni, alisema. Kuyaona ni kitu kingine.

Yule muuguzi hakungoja kuambiwa. Alishachukua simu. Mwajuma alikuwa palepale nje ya uzio. Nilimwona kupitia dirisha, kanga ya njano, amesimama kwenye kivuli cha ukuta. Muuguzi akaweka sauti ya kusikika na wote.

"Shikamoo, mama."

Sista alikuwa ameshika chuma cha kitanda.

"Marahaba," Bi. Zuhura akasema.

Kule nje kanga ya njano ilikaa chini kwenye mchanga. Hakuna kilichosikika kwenye simu isipokuwa pumzi. Bi. Zuhura alikunja uso. Alikuwa anatafuta kitu, anakifuata humo ndani kama mtu anayepapasa chumba chenye giza, na safari hii neno halikutoka lenyewe. Alilitafuta, akalipata.

"Pweza?" akauliza.

"Wameanuliwa, mama," Mwajuma alisema huku analia. "Majirani wamewaanua wote, siku ileile. Hakuna hata mmoja aliyeoza."

Sista Paskalia sasa amerudi Njinjo kwenye ufuta wake, na anaogopa kuja pwani kwa sababu ana deni la matusi. Bi. Zuhura anatembea na mkongojo. Mkono wa kulia haujarudi wote. Pweza sasa huanikwa na Mwajuma, mama anasimamia na kukosoa. Juzi nilipita kumuaga Bi. Zuhura kabla ya kwenda Sudi. Alinitazama muda mrefu akitafuta jina langu, lile nililopewa na wazazi, hakulipata. Lile jingine lilikuja bila kuitwa.

"Bwana King'ora," alisema. "Nasikia gari wamechukua."

"Wamechukua, bibi."

"Sasa huna king'ora." Akanisogelea na mkongojo wake. "Tukuite nani?"

Nilifungua mdomo. Nimezunguka mikoa yote ya kusini, nimejibu polisi, wakaguzi na madaktari, na pale uani, chini ya pweza, nilikosa jibu. Bi. Zuhura akaona kwamba ameshinda. Tabasamu likapanda usoni mwake, upande wa kushoto kwanza, kisha nikasimama nikalingoja, na taratibu likafika na upande wa kulia.